Mtoto Wangu wa Intaviu

Pioneer, Eldoret
Jumanne jioni, wiki ya kwanza ya mvua

Nyambura mwanangu,

Uko saluni unasukwa, na yule msichana wa saluni ana maneno mengi kuliko vidole, kwa hivyo nina muda. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako karibu na dirisha. Sitakuandikia habari za sweta wala za kuchunga mkoba. Una miaka ishirini na mitano, na baridi ya hapa imekufunza sweta kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja nililoliona leo mchana, na jingine ambalo nimekuficha tangu ukiwa mtoto wa kubebwa.

La leo kwanza. Nilikuwa natafuta mahali pa kulaza blauzi yako ya intaviu niipige pasi. Nikasogeza ile bahasha ya kaki, karatasi zikateleza zikaanguka. Sikuwa napekua. CV yako ilikuwa juu, nikaisoma nimesimama, pasi mkononi. Jina lako, shule ya msingi, sekondari, diploma yako ya mambo ya vyakula. Nikafurahi. Kisha nikafika kwa ile miaka miwili. Umeandika kwamba ulikuwa "mshauri huru wa masuala ya lishe".

Nilimtafuta baba yako ukurasa mzima. Hayuko.

Najua hayo maneno si yako. Ni ya yule kocha wa mafunzo ya intaviu. Mungu anisamehe, nimejaribu kumfikiria vizuri yule kijana tangu Jumamosi na nimeshindwa. Uliniambia, "Mama, twende, ni bure na kuna chai," nikaenda, na kweli chai ilikuwa, na ndicho kitu pekee cha ukweli nilichokipata katika ukumbi ule. Viatu vyake vilikuwa na ncha ndefu hivi kwamba vilifika mahali kabla yake. Alituambia mtu anaamuliwa katika dakika ya kwanza. "Ukifungua mlango, wameshakusoma. Kwa hivyo usingoje wakusome, waandikie wewe!" Halafu akatufunza kutabasamu. Meno nane ya juu yaonekane, si saba, si tisa. Watu wazima wenye diploma na digrii, wengine wakiwa na wajukuu, wakaanza kuhesabiana meno. Mzee aliyekaa kando yangu, mwenye koti la harusi ya zamani, aligeuka akanikenulia.

"Mama, zinafika nane?"

"Mzee, wewe umebaki na tano," nikamwambia. "Enda na hizo tano, wakitaka zaidi wakuongezee wao."

Alicheka sana, mpaka kocha akatuangalia. Lakini aliporudi kukaa vizuri niliona mkono wake umefunika mdomo, na haukutoka hapo tena. Nilijilaumu. Nilitaka kumdharau kocha, nikamuumiza mzee.

Kisha yule kijana akaanza kupita kati ya viti na kalamu nyekundu. Unakumbuka alivyoshika CV yako? Kama mtu anayeshika nguo ya ndani ya mtu mwingine.

"Madam, hapa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Baba alikuwa mgonjwa, nilikuwa namtunza."

"Oh, pole. Sasa hiyo usiseme. Hiyo ni gepu. Panel ikisikia mambo ya mgonjwa inajua wewe ni mtu wa kuomba ruhusa. Ziba."

"Nizibe na nini?"

"Chochote! Konsaltansi. Siku hizi kila mtu ni konsaltanti."

Akachora mviringo mwekundu kuzunguka baba yako na akaendelea mbele. Wewe ulinitazama. Mimi nikatazama kikombe. Umeniuliza mara mbili tangu siku hiyo kwa nini nilinyamaza, nami nikasema chai ilikuwa moto. Nilinyamaza kwa sababu ushauri ule niliujua. Niliufuata mimi mwenyewe wakati kocha huyo bado anavalishwa nepi, na niliufuata vizuri kuliko atakavyowahi kuufundisha. Mtu niliyemfuta alikuwa wewe.

Ulikuwa na miezi mitano. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja hapa hapa Pioneer, nyumba ya mabati iliyokuwa nyuma ya kanisa. Baba yako alikuwa na ile mashine yake ya kupukuchua mahindi, lakini ilikuwa imevunjika shafti na msimu ulikuwa unapita. Ndipo nikasikia kwamba duka kubwa la pembejeo mjini linatafuta mwanamke wa kaunta, wa kuuza mbegu na dawa za ng'ombe. Duka lenyewe lilifungwa zamani, jina lake halina kazi hapa. Kila mtu alijua sharti la meneja wa pale: hakutaka mwanamke mwenye mtoto mchanga. Alisema mtoto mchanga ana homa kila Jumatatu na kliniki kila Jumanne.

Siku ya intaviu nilikwenda na wewe mgongoni kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Mama Atieno, unayemjua, alikuwa akikaangia samaki kando ya ukuta wa duka lile. Alikuwa jirani yetu, ametoka upande wa Ziwa mwaka ule ule, na Atieno wake alikuwa na miezi minane, amemwacha nyumbani na dada yake. Nilimkuta anapuliza jiko.

"Niachie huyo," akasema. "Kama ni kulia, hata wangu analia. Enda utege hiyo kazi."

"Hajanyonya tangu asubuhi."

"Basi enda haraka."

Nilikuwa nimeazima blauzi nyeupe ya jirani. Ndani nilikuwa nimekunja vesti mbili za baba yako, moja kila upande, ili maziwa yasijitokeze. Ona basi nilivyojitayarisha. Sikujiandaa kwa swali la mbegu wala la dawa. Nilijiandaa kukuficha.

Meneja alikuwa na chanuo dogo ndani ya soksi. Mtu akiongea, yeye analitoa, anachana masharubu, analirudisha. Wengine wawili walikaa kando yake, kazi yao ikiwa kucheka akicheka. Aliniuliza tofauti ya mbegu za mahindi za huku juu na za kule chini kwenye joto. Mimi nimezaliwa kwa mahindi, nikamweleza mpaka na majina ya magugu. Hakusikiliza hata neno. Alikuwa anachana.

"Umeolewa?"

"Ndiyo."

"Mtoto?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kabla sijafungua mdomo, wewe ukaanza kulia. Ulikuwa na namna yako: kwikwi tatu ndogo kwanza, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu, halafu kilio chenyewe. Ningekijua kilio hicho katikati ya soko.

Meneja akageuza kichwa. "Na huyo anayelia ni ya nani?"

"Sijui," nikasema. "Labda ni wa yule mama wa samaki."

Nimeandika maneno hayo sasa kwa hati nzuri, na siku ile pia niliyatamka vizuri. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilidhani mtu akikana mtoto wake kuna kitu kitaanguka, ukuta utapasuka. Hakuna. Masharubu yalichanwa, basi.

Meneja akatoa kichwa dirishani. "Wewe mama! Nyamazisha mtoto yako, tuko na intaviu hapa!"

Mama Atieno akainua macho. Aliniona nyuma ya bega la yule mtu. Hakufikiri hata kidogo.

"Pole mkubwa!" akajibu. "Ni njaa tu. Huyu wangu ni mlafi kama baba yake!"

Akaketi juu ya debe, akafungua vifungo, akakunyonyesha. Pale pale, mbele ya wanunuzi wa samaki. Ukanyamaza.

Maziwa yangu yakashuka. Nilisikia vesti zinalowa, joto, halafu baridi. Na mimi nikatabasamu, kwa sababu meneja alikuwa amegeuka na ananitazama. Sijui yalikuwa meno mangapi.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Hiyo ndiyo tabasamu. Mkulima akiona hii atanunua hata majivu."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nikaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Kocha wako angesimama akapiga makofi.

Nilipotoka, Mama Atieno alikuwa anakufuta mdomo.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Haya, shika mtoto wangu upesi, kabla mkubwa hajaona umemwiba."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Yeye hakucheka. Alinisaidia kukufunga mgongoni, akakaza leso, akasema, "Mama Nyambura, leo nimekusaidia. Kesho utasema nini?"

Sasa unajua kwa nini anakuita mtoto wake wa intaviu. Maisha yako yote umefikiri ni mzaha wa kukutakia kazi nzuri. Hata siku ya mahafali yako, alipokuja na samaki wamefungwa kwenye gazeti, akipiga kelele, "Mtoto wangu wa intaviu amemaliza!" ulinikumbatia ukacheka. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Jioni ya siku ile ya kazi nilimkuta baba yako anapaka shafti grisi. Unajua alivyokuwa anakuita. Kwa sababu nilikupa jina la mama yake, kama kwetu inavyofanywa, kwake ulikuwa Maitu, yaani "mama yangu". Akauliza, "Na juu ya Maitu umesema nini?"

"Sikuulizwa," nikamjibu.

Uongo wa pili haukungoja hata siku ipite.

Nilifanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikikamua maziwa kwenye sinki ya choo cha duka saa ya chakula, bomba limefunguliwa lisisikike, na baada ya wiki chache yakakauka. Ukahamia kwa uji mapema kuliko wenzako. Nikaendelea kupokea wateja. Ulipokuwa na miaka minne, baba yako alikuja nawe dukani kununua pakiti ya mbegu ya sukuma. Nadhani alitaka tu uone mahali mama anafanya kazi. Ulikimbia mpaka kaunta, ukanyoosha mikono, "Mami!"

Mwenzangu wa kaunta akashangaa. "Kumbe uko na mtoto?"

"Wa dada yangu," nikasema. "Wote kwao wananiita mami."

Baba yako alikuwa amesimama na pakiti mkononi. Akairudisha juu ya kaunta taratibu, akaisawazisha na zile zingine. "Tutarudi na mama yake," akamwambia mwenzangu. Akakubeba, mkatoka.

Nyumbani hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema kitu kimoja, akiwa anakuvua viatu: "Jina la mama yangu umempa dada yako."

Na mimi, mwanangu, badala ya kwenda asubuhi yake kusema ukweli, nilikufunza mchezo. Nilikuambia ukiniona mjini useme "Anti". Nilikupa peremende ukisema vizuri. Ulikuwa mwepesi wa kushika. Ulishika hivi kwamba mwaka mzima hukuweza kuacha, hata nyumbani. Uliniletea uji siku nikiwa na malaria, kikombe umekishika kwa mikono miwili, unatembea polepole usimwagike. "Anti, umepoa, kunywa." Nilikunywa. Sijawahi kunywa kitu kichungu kama uji ule, na ulikuwa na sukari.

Wewe hukumbuki. Niliwahi kukuuliza kwa kuzunguka ukiwa kidato cha pili, ukasema unakumbuka tu peremende.

Sasa nikueleze walichokuwa wananunua wale watu, kwa sababu nilikaa muda mrefu nikidhani wamenipa kazi kwa makosa. Mwaka wa tatu, meneja alitoa magunia ya mbegu za zamani kutoka stoo ya nyuma, mbegu zilizopita wakati wake, akataka zifungwe katika pakiti mpya. Hakuwaita wengine. Aliniita mimi. "Wewe uko na uso," akasema. Nikauza. Baada ya wiki tatu akarudi mzee mmoja kutoka Turbo, ameleta udongo ndani ya kofia yake, mbegu zimo ndani kama alivyozipanda. Akaniwekea kofia juu ya kaunta.

"Binti, hizi zimelala ama zimekufa?"

"Ni mvua, mzee," nikamwambia, nikitabasamu. "Mwaka huu mvua imesumbua."

Akaniamini. Akanunua nyingine. Akasema asante.

Msimu huo baba yako alizunguka Turbo na mashine yake, akarudi mapema. Alisema kuna mashamba mengi hayana cha kupukuchua, na akanitupia jicho kidogo, halafu akaenda kunawa. Ile mashine ilikuwa imemla sikio la kulia kwa kelele zake, unajua. Nilikuwa nikisema vitu upande huo nikitumaini hatasikia. Ule mwaka nilisema vingi.

Siku meneja alipokuwa anastaafu tulimfanyia sherehe ya soda na mandazi. Nilimsogelea nimshukuru, ujinga gani sijui ulinituma. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu nilimdanganya siku ya intaviu. Akatoa chanuo lake.

"Mtoto?" akasema. "Nilikuona kutoka dirishani ukimfungua mgongoni. Wote tulijua."

"Sasa kwa nini uliniajiri?"

Akacheka, bila ubaya hata kidogo, kama mtu anayemweleza mtoto jambo rahisi. "Wasichana saba walikuja siku hiyo. Wewe peke yako ndiye ungeweza."

Hakumalizia ningeweza nini. Haikuhitajika. Niliondoka kazini mwezi uliofuata na kwenda kupika shuleni, na watu wote mlidhani nimefukuzwa. Baba yako peke yake ndiye aliyeninunulia gambuti mpya, viatu vya mpira vya kazi ya jikoni. Alizileta ameziviringisha kwenye gunia, akaziweka mlangoni.

Kwa hivyo kocha yuko sahihi. Dakika ya kwanza inaamua. Mimi nilidhani nimewaficha, kumbe nimewaonyesha kila kitu walichotaka, na walinidai kitu hicho hicho kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Nawadharau mpaka leo, meneja na masharubu yake, wale wacheka-akicheka wawili, na hawa vijana wa viatu virefu wanaouza ujanja huo huo ukumbini na kuuita elimu. Lakini hakuna kati yao aliyesema wewe ni mtoto wa Mama Atieno. Huyo alikuwa mimi. Dharau yangu ikishawazunguka wote, jioni inarudi kulala hapa.

Sasa ile miaka yako miwili. Nilikuwa shuleni napika kutoka alfajiri, kwa hivyo sehemu kubwa sikuiona. Lakini niliona za kutosha. Ulikuwa umemaliza diploma wiki iliyotangulia kiharusi cha baba yako, na hukuwahi hata kuvaa ile sketi uliyonunua ya kutafutia kazi. Niliona ulivyojifunza kumgeuza bila kumvuta bega. Niliona ulivyomnyoa ukifuata kovu la kidevu. Tulipompeleka hospitali ya Plateau, wale wa misheni walikuonyesha namna ya kufanya uji uwe mzito wa kutosha asipaliwe. Wewe ukarudi nyumbani ukaupima kila siku kwa kijiko kilekile, ukiuacha udondoke huku unahesabu kwa midomo. Uliandika katika daftari la jalada la buluu: leo amemeza vijiko kumi na viwili, amekohoa mara moja, malenge yalikuwa laini sana, kesho nipunguze maji. Kurasa mia mbili, kisha daftari la pili. Baba yako alikuwa amebaki na neno moja tu lililosikika vizuri, na neno hilo lilikuwa Maitu. Aliliita akitaka maji, akitaka kugeuzwa, redio ikiharibika, jogoo wa jirani akimuudhi. Siku ya mwisho aliliita, nawe ukamwambia, "Niko hapa," naye akatulia kama mtu aliyepata jibu.

Sitaki umwambie kocha habari za daftari. Namjua. Ataruka juu, atasema hizo ni ujuzi, andika "mtaalamu wa huduma ya nyumbani". Hata kifo cha mtu atakitafutia cheo. Wewe unakwenda kupima maziwa katika maabara ya watu, kazi ya kuangalia kitu kidogo kwa makini na kuandika ukweli juu yake, na wanataka uanze kwa kuandika uongo. Ningecheka kama si mtoto wangu.

Pia sitakudanganya. Ukisema ukweli unaweza kukosa. Wanaweza kuangaliana, mmoja akaandika kitu kidogo pembeni, wakakuambia watakupigia simu, na simu isiite. Najua umengoja kazi hii. Najua umechoka kulala sebuleni pamoja na vikombe. Mimi nilipata kwa kusema uongo, na tulikula, na wewe ulienda shule kwa mshahara ule, kwa hivyo sina mlima wa kusimama na kukuhubiria. Nakuambia tu nilichokiona nikiwa ndani.

Kwa sababu hiyo nimefanya kitu. Usinikasirikie. Mchana nimeenda kwa yule kijana wa saiba, wa kuchapa karatasi, hapa mkabala na steji ya bodaboda, nikamwomba ainakili CV yako upya, abadilishe mstari mmoja. Akauliza aweke nini. Nikamwambia aandike, "Nilimtunza baba yangu mgonjwa nyumbani kwetu Eldoret, mpaka alipofariki."

Akaandika, akanigeukia. "Mathe, hii si watu huwa wanaficha?"

"Ndiyo," nikasema. "Chapa."

Ziko zote mbili kwenye bahasha. Ile ya konsaltanti iko mbele, kama ulivyoiweka, sikuigusa. Ile nyingine iko nyuma yake. Utakayowatolea ni uamuzi wako, na yoyote utakayotoa, ukirudi nitakupikia. Sitauliza ni ipi. Nimeshapoteza haki ya kuuliza hilo.

Nasikia lango. Ni wewe, unaongea na Mama Atieno huko nje, anakuambia nywele zimekaza hadi macho yamekuwa ya Mchina, nawe unacheka. Atakuja na samaki, najua. Acha akuite vile anavyokuita. Sasa unaweza kumjibu ukijua.

Nakuomba kitu kimoja. Hawa watu wa panel hupenda kuuliza mambo ya nyumbani wakitaka kukupoza kabla ya maswali yenyewe. Wakikuuliza kwenu kuna nani, usiniruke. Sema yuko mama yangu. Nikumbuke hapo, kwa neno hilo, kwa sauti ya kusikika.

Mama yako